Farasi Aliyesingiziwa Ulevi

Ukiwauliza wazee wa Soni habari za Sefania, kabla hawajakueleza alikuwa mtu wa namna gani watacheka kwanza. Waache wacheke. Sefania mwenyewe alikuwa akiicheka hadithi yake kuliko wao, na aliisimulia mara nyingi hata mkewe akawa anatoka nje kwenda kuchuma mboga ambazo hakuzihitaji. Ni hadithi ya mtu mmoja, farasi mmoja na kinu kimoja cha kutwangia miwa. Katika hao watatu, kilichopata hasara ya moja kwa moja ni kinu.

Alizaliwa kwenye mgongo wa mlima unaopanda kutoka Soni kuelekea Vuga, mahali ambapo shamba limesimama wima na kiazi kikikuponyoka unakwenda kukiomba kwa jirani wa chini. Tangu ujana alikuwa na kazi mbili. Mchana alimtunza farasi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la mapea na plamsi. Jioni alitengeneza boha, pombe ya miwa, na boha ya Sefania ilikuwa na jina kubwa mpaka Bumbuli. Miwa aliitwanga kwenye kinu chake, gogo nene lililochongwa katikati kama mtumbwi, na gogo hilo lilinyonya maji ya miwa miaka nenda miaka rudi hadi likawa jeusi na la kunata, na nyuki walilitembelea kuliko walivyotembelea maua.

Uhuru ulipokuja, Mzungu alibaki. Lilipokuja Azimio la Arusha, alifunga virago. Shamba likawa la kijiji, na wanakijiji wakakaa mkutano kugawa yaliyobaki. Majembe, ndoo, mikokoteni, vyote vilipata kazi bila ubishi. Ubishi ulizuka kwa farasi. Mtu mmoja alisimama akasema farasi yule ni bepari, kwa maana tangu azaliwe hajabeba kitu isipokuwa makalio ya Mzungu. Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema auzwe. Mwingine akauliza atanunuliwa na nani, maana haliwi wala hakamuliwi. Hapo Sefania, aliyekuwa kimya kwenye kona, akainuka.

"Ndugu mwenyekiti, naomba mnipe mimi. Nitamfundisha kubeba kabichi za kijiji mpaka Soni. Akishindwa kazi, mtufukuze wote wawili."

Wakampa. Wakampa na jina papo hapo: Karani, kwa sababu hakuwahi kugusa kazi ya shamba, na kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuinamisha kichwa na kukazia macho ardhi kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya. Hakushindwa kazi. Msimu haukuisha kabla Karani hajaanza kushuka Soni na matenga mawili ubavuni, Sefania akitembea mbele na kofia ya Mzungu kichwani, na kina mama wa kijiji waliokuwa wakijitwika kabichi tangu usichana wakawa wanashuka mikono mitupu, wakipiga soga. Hakuna aliyemwita bepari tena.

Sasa Yudith. Yudith alikuwa mjane wa Vuga, mwanamke wa maneno machache na karoti nzuri, ambazo alikuja kuuza Soni kila siku ya soko. Mumewe wa kwanza aliuawa na pombe, tena si kwa ghafla. Ilimla kidogo kidogo, ikaanza na mbuzi, ikafuata mabati ya nyumba, ikamalizia na ini. Basi Sefania akampenda mwanamke huyo. Kati ya wanawake wote wa Usambara, mpika boha akampenda yule asiyetaka hata kusikia jina la pombe. Kila Yudith alipomaliza kuuza, Sefania alikuwa amesimama pale na farasi, akijitia ana safari ya kwenda Vuga.

"Mama, leta hilo kapu, Karani atalibeba."

"Karani sina neno naye," Yudith akamjibu siku moja. "Anayenuka ni wewe."

Mtu mwingine angekasirika. Sefania alirudi nyumbani akatoa mitungi yote, akaimwaga boha shambani mchana kweupe, majirani wakiangalia na kusikitika waziwazi. Kinu hakukitupa. Gogo zuri vile, kulitupa aliona ni dhambi nyingine juu ya dhambi. Akalikwangua, akaliosha, akalisogeza uani, likawa hori la Karani la kunywea maji. Kisha akaahidi mbele ya kanisa kwamba hatapika tena, akamfuata Yudith na kumwambia ameacha.

Yudith alimtazama kwa muda mrefu. "Nitakuamini," akasema. "Lakini sikiliza, Sefania. Mimi ya pombe nimeyaona, nimeyazika. Siku nitakayokuta boha kwako, iwe mdomoni mwako au nyumbani mwako, usinitafute. Sitakuja kugombana. Sitakuja kabisa."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti, na Sefania aliyapokea kwa mikono miwili.

Baba yake Yudith alikuwa amekwisha kufariki, na aliyebaki na sauti juu yake alikuwa kaka yake, Rubeni, aliyehamia bondeni Magoma kulima mpunga na mahindi. Posa ya mjane haina mbwembwe nyingi, lakini kaka alitaka kumwona mtu uso kwa uso. Basi kabla ya masika Sefania alivaa koti, akampanda Karani, akashuka njia za msituni mpaka Magoma. Mtu wa milimani akishuka kule huona ameingia kwenye chungu cha moto. Watoto wa Magoma walikuwa hawajaona farasi, wakamfuata kwa nyimbo mpaka mlangoni kwa Rubeni, na Sefania akateremka kwa madaha, jasho likimtiririka hadi viatuni.

Rubeni alimpokea vizuri, akamchinjia jogoo. Alimpa na onyo moja.

"Shemeji, farasi wako mfunge hapa karibu na moshi. Kule mtoni kuna mbung'o."

Sefania akaitikia kwa heshima, na kimoyomoyo akacheka. Kwao milimani nzi ni nzi. Anakaa kwenye ng'ombe, anafukuzwa kwa mkia, mambo yameisha. Mtu wa juu kule mbung'o anamsikia tu kwenye mazungumzo, kama anavyosikia habari za papa. Kule mtoni majani yalikuwa mabichi, marefu, na hapa kwenye moshi hapakuwa na hata unyasi wa kutafuna. Mchana Rubeni alipokwenda shambani, Sefania alimpeleka Karani mtoni, akamfunga kichakani ale ashibe. Mpaka siku wanaondoka, kila mchana Karani alishinda pale akipiga mkia kushoto na kulia, na nzi wa kijivu, wakubwa kidogo, wakakaa tumboni pake na kunywa kwa raha zao.

Rubeni alikubali posa. Sefania alipanda mlima akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kilabuni, kwa mazoea, na mchungaji akapanga kuyasoma matangazo ya ndoa yao baada ya mavuno.

Masika yakaja, yakapita. Karani akaanza kukonda. Sefania akadhani ni kazi nyingi, akampunguzia mzigo. Siku nyingine anapata joto la mwili, siku nyingine anapona na kula vizuri. Kisha miguu ya nyuma ikaanza vituko. Ukimgeuza kwa ghafla, mguu mmoja unapita mbele ya mwenzake, kiuno kinakwenda upande wake na kichwa upande wake. Sefania akasema mwenyewe kwamba ni utelezi wa njia.

Siku ya soko, Soni pamejaa pomoni, hapakuwa na utelezi wowote. Karani aliingia sokoni akipepesuka. Alikwenda upande huu akasukuma mafungu ya nyanya, akajirekebisha, akaenda upande ule akaegemea kibanda cha chai. Watu wakaanza kucheka. "Karani kalewa," mmoja akasema, na neno hilo likakimbia sokoni kuliko moto kwenye nyasi. Mwisho akafika penye viti vya Mzee Yohane.

Mzee Yohane alikuwa seremala, na zaidi ya useremala alikuwa mkuu wa wazee wa kanisa, mtu aliyenyooka kama ubao aliouranda mwenyewe. Siku ile alikuwa amepanga vigoda vipya mbele yake. Karani alimtazama mzee, akainamisha kichwa kama kawaida yake ya kusoma, miguu ya nyuma ikakata tamaa, na farasi mzima akakaa. Akakaa hasa, kama mgeni aliyekaribishwa, juu ya vigoda. Hakikubaki hata kimoja.

Soko zima lilipasuka kwa kicheko. Mzee Yohane peke yake hakucheka.

"Sefania," akasema taratibu, "umemnywesha nini huyu mnyama?"

"Shikamoo, Mzee. Maji tu, Mzee."

"Maji. Kutoka wapi?"

Na Sefania, ambaye hakujua kusema uongo hata pale uongo ungemfaa, akajibu: "Kutoka kwenye hori lake." Na watu wote wa Soni walijua hori lile lilikuwa nini zamani. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kikawa minong'ono. Ama anapika tena kwa siri na machicha anampa farasi, walisema, ama pombe ya miaka yote ile imeingia kwenye mti na sasa inatoka.

Sefania aligeuka kumtafuta Yudith. Alimwona. Alikuwa ameshainuka, anajipangia ngata kichwani. Akajitwika kapu lake mwenyewe, bado lina karoti nusu, akashika njia ya Vuga. Kijasho chembamba kilimtoka Sefania, na safari hii hakikuwa cha Magoma.

Mzee Yohane alimwambia kwamba Jumapili baada ya ibada baraza la wazee litakaa juu ya jambo lake, na kwamba mpaka hapo matangazo ya ndoa hayatasomwa. Alisema bila chuki. Mwenye kuvunja ahadi aliyoiweka mbele ya kanisa hutengwa na meza ya Bwana, na mtu aliyetengwa haolewi wala haoi.

Sasa uje uone maajabu. Sefania mwenyewe aliamini. Alijua fika kwamba hajapika hata tone, lakini aliyaamini yale ya mti. Kwani si yeye aliyetwanga miwa ya boha mle tangu ujana? Alilisugua hori kwa mchanga. Akalisugua kwa majivu. Akachemsha maji akalimwagia, likatoa harufu ya miwa, naye akazidi kuogopa. Akaanza kumnywesha Karani kwa ndoo, na Karani akaendelea kuyumba. Basi asubuhi moja alichukua shoka akalipasua gogo lile vipande vipande, gogo la babu yake, na kila pigo lilimuuma. Alilia, na hakuona haya kulia, maana aliyekuwepo ni farasi tu.

Yudith alimkuta amekaa katikati ya vipande hivyo. Alikuwa ametoka Vuga alfajiri, umande umemlowesha kanga mpaka magotini. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja alipofungwa Karani.

"Mfumbue mdomo," akasema.

Sefania akamfumbua. Yudith akainama, akatia pua yake mdomoni mwa farasi, mwanamke mzima mwenye kitambaa safi kichwani, akavuta pumzi ndefu. Mwanamke aliyeishi na mlevi haambiwi pombe inanuka vipi. Anaijua ya jana, ya juzi, na ile iliyofunikwa kwa vitunguu.

"Majani," akasema. "Majani matupu."

Kisha akamgeukia Sefania. "Na wewe, njoo."

Sefania akasogea, akaachama. Yudith akanusa, akanusa tena, akanusa na shingo kwa hakika zaidi.

"Unanuka farasi," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya soko, akatabasamu.

Sefania hakujua acheke au alie tena, akafanya yote. Yudith alimwacha amalize, halafu akamwambia kitu ambacho kingemjia mtu yeyote ambaye hakuwa na hatia moyoni. Marehemu mumewe alilewa, akalala, akaamka mzima akatafuta nyingine. Huyu anayumba tangu siku ya soko bila kulala usingizi wa pombe hata mara moja. Hiyo si pombe. Ni ugonjwa, Sefania aende Lushoto akamwite Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo aliitwa Ramadhani, kijana wa Kishambaa wa upande wa Mlalo, mcheshi, aliyezunguka milima yote ile kwa pikipiki na sanduku la mbao nyuma. Alikuja siku ileile. Alimvuta Karani mkia kidogo, na farasi mzima akayumba kumfuata. Akamfunua kope, ndani peupe. Akambonyeza tumbo kwa chini palipovimba, alama ya kidole ikabaki.

"Umeshuka naye wapi, mghosi?" akauliza, akimwita mzee kwa Kishambaa.

"Soni."

"Chini ya Soni?"

Yale aliyoyacheka kimoyomoyo yalimrudi Sefania yote kwa pamoja: moshi, mto, majani marefu, nzi wa kijivu. "Magoma," akasema kwa sauti ndogo. "Shemeji aliniambia nisimfunge mtoni. Nikaona nzi ni nzi."

Ramadhani hakumkaripia. Alimtoboa Karani sikioni, akachukua tone la damu kwenye kioo, akafungua sanduku lake akatoa darubini, akaisimamisha kwenye kisiki, akageuza kijioo chake kilishike jua. Akaangalia, akamwita Sefania naye aangalie. Sefania alifumba jicho moja akaona ulimwengu: vidonge vya damu vimejaa tele, na katikati yake vijidudu vyembamba vinajinyonganyonga na kupiga mikia, vinavisukuma vile vidonge huku na huku kama watu wanaopenya sokoni.

Akaelezwa. Mbung'o akiuma mnyama mgonjwa hubeba vijidudu hivyo, akimuuma mzima humwachia. Vikikaa kwenye damu humkondesha na kumpa homa. Vikikaa zaidi hupenya mpaka kwenye uti wa mgongo na ubongo, hapo ndipo miguu huacha kusikia amri. Farasi hawavimudu kabisa. Punda, mbwa na ng'ombe nao huvipata. Huku juu hakuna mbung'o, ndiyo maana hakuna aliyeutambua.

"Kwa hiyo hakulewa," akasema Sefania, na furaha ilimpanda mpaka akamkumbatia Karani shingo. "Yudith, umesikia? Ni mgonjwa. Ni mgonjwa kweli." Kisha akasikia alichokuwa anakishangilia, akaiachia shingo ya Karani. "Atakufa?"

"Dawa ninayo," akasema Ramadhani. "Lakini vimekwisha kupanda juu, na kule dawa inavifuata kwa taabu. Siwezi kukuahidi. Ninachokuambia ni kwamba kila siku tunayochelewa vinamla."

Alikuwa ameshaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Sefania akamshika mkono.

"Ukimchoma, wale wadudu watakuwepo Jumapili?"

"Dawa ikifanya kazi yake, hutamwona hata mmoja."

Hapo ndipo pagumu palipomfika. Jumapili haikuwa mbali. Angesubiri, angempeleka Karani kanisani, wazee wangeviona vijidudu kwa macho yao vikicheza, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole tena. Angekubali achomwe leo, Jumapili angesimama na maneno matupu, na maneno ya mpika boha kila mtu alijua thamani yake. Yudith alikuwa amesimama pembeni, anamtazama. Karani naye alikuwa ameinamisha kichwa, anaisoma ardhi. Sefania alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Mchome," akasema. "Wazee nitawajibu nitakavyojaliwa."

Ramadhani alimchoma Karani sindano shingoni. Yudith alikuja akasimama karibu na Sefania mpaka mabega yakagusana. "Wakikutenga," akasema, "nitatengwa na wewe. Nimeshaona nilichotaka kuona."

Ndipo Ramadhani, huku akifuta sindano yake, akacheka. Aliwauliza wanadhani kule ofisini Lushoto wanawekaje vielelezo. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, likaushwe, litiwe rangi, na vijidudu hubaki pale hata mwaka mzima. Havitacheza, ila vitaonekana. Sefania alimuuliza kwa nini hakusema mapema. "Hukuniuliza," akajibu. "Uliniuliza tu kama watakuwepo mwilini mwake." Mtu mbaya sana yule kijana, Sefania alikuwa akisema baadaye, na alisema hivyo kwa mapenzi.

Jumapili ibada ilikwisha, wazee wakakaa kwenye chumba cha mchungaji, na mezani, kando ya Biblia kubwa ya Kiswahili, palikuwa na darubini karibu na dirisha, na kioo cha damu ya Karani chini yake. Ramadhani alivua kofia yake ya kitambaa, akasalimia wote shikamoo kwa zamu, akasema kwamba yeye ni Mwislamu, pombe haijui kwa ladha wala kwa harufu, hivyo asiulizwe. Ila ugonjwa huu anaujua. Akaeleza alichokieleza, akamkaribisha Mzee Yohane aangalie.

Mzee Yohane aliinama. "Giza," akasema.

"Mzee, umefumba jicho ulilowekea darubini. Fumba lile jingine."

Wazee wenzake wakakohoa ili wasicheke. Mzee Yohane akafumba jingine. Akaangalia, akaangalia tena, mpaka mchungaji akauliza kama kuna kitu.

"Vipo," akasema bila kuinua kichwa. "Vya zambarau. Tena vina mikia. Ewe Mungu, na hivi vyote vilikuwa ndani ya yule mnyama?"

"Vyote, Mzee, na vingi kuliko hivyo."

"Nami nikamwita mlevi mbele ya watu." Hakusema vigoda, ingawa kila mtu alikuwa akivikumbuka. Wazee wengine walipanga foleni nyuma yake, na hakuondoka. Ilibidi mchungaji amguse bega. Alipoinuka, aliangalia darubini kama seremala anavyoangalia kazi nzuri ya mwenzake, akamwendea Sefania akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Tumekosea, mwanangu. Si farasi tu, na wewe." Baraza halikuwa na zaidi. Tangazo la kwanza lilisomwa Jumapili iliyofuata.

Karani aliumwa sana kabla ya kupona. Kuna siku alikuwa hasimami mpaka wanaume wamwinue kwa kamba na miti, na aliyeleta miti ile, iliyorandwa vizuri isimchune mbavu, alikuwa Mzee Yohane. Ramadhani alirudi na sindano nyingine, na nyingine. Kina mama waliojua raha ya kushuka Soni mikono mitupu walimletea majani laini kutoka mtoni, mto wa juu huku usio na mbung'o, wakimsemesha kama mtoto. Polepole miguu ikaanza kukumbuka kazi yake. Haikukumbuka yote. Mpaka mwisho wa maisha yake Karani alitembea na kiuno kinachoning'inia upande wa kushoto kidogo, na mgeni akimwona husema farasi huyu kanywa.

Siku ya harusi alitangulia mbele ya bwana na bibi harusi, amevikwa maua ya mlimani, akiyumba kwa madaha, na watu wa Vuga, Soni na hata Magoma wakamwimbia wimbo waliotunga papo hapo kuhusu karani aliyekalia vigoda. Rubeni alikuja na shada la moshi, majani makavu yaliyofungwa kwenye kijiti, akampa shemeji yake kuwa zawadi ya kwanza. Sefania alilichoma mbele ya wageni wote akamfukizia Karani, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Hori jipya lilikuwa uani limefunikwa kanga. Lilitoka kwa Mzee Yohane, la mti mweupe ambao haujawahi kunusa muwa.

Wakaishi. Mashamba ya kijiji yalikuja na kubadilika, mikutano ikaitishwa na kuvunjika, na kila siku ya soko Sefania na Karani walishuka na kupanda. Walipofika nyumbani jioni, Yudith alikuwa mlangoni. Kwanza alimnusa farasi mdomo, akasema, "Majani." Kisha alimnusa mume wake, akasema, "Unanuka farasi." Ndipo chakula kilipoletwa. Wageni walidhani ni mila ya Vuga.

Karani alikufa kwa uzee, meno yamekuwa ya manjano, amelala juani baada ya kula vizuri. Siku ya soko iliyofuata Sefania alishuka peke yake na kapu begani. Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi. Yudith alitoka mlangoni kama kawaida, akainama pale ambapo mdomo wa farasi ulikuwa ukifika, akakuta hewa. Akasimama kidogo. Kisha akamsogelea mume wake, akaweka pua shingoni mwake, na safari hii hakuiondoa upesi.

"Bado unanuka farasi," akasema.